TUMEMPOKEA, na Maneno Mawili Yaliyogandana

Jumatatu, 4 Agosti

Mteja wa kwanza leo, muuza kuku wa Tiwi. Anataka bango. Maneno sita, fonti sita, rangi zote alizoumba Mungu. Jina lake anataka liandikwe kwa herufi za kujikunja zile za kadi za harusi, tena zote kubwa. Nimemwonyesha kwenye kompyuta kwamba zikiwa zote kubwa hazisomeki, zinakuwa tambi. Akasema tambi anazipenda.

Nimempa fonti mbili tu. Nene kwa neno KUKU, lionekane toka barabarani. Nyembamba kwa yaliyobaki. Maneno yote yakipiga kelele, hakuna linalosikika. Ameondoka amenuna. Sijali. Ukunda hii imejaa mabango yanayotia kizunguzungu na mimi siongezi hata moja.

Jumatano, 6 Agosti

Wifi yangu Mama Bakari amekuja dukani. Mwanawe Bakari anaoa mwezi huu huu. Bibi harusi ni Mbodze, wa Kinango. Wifi hakumtaka. Alikuwa na binti wake wa Tiwi aliyemchagua mwenyewe, na mji mzima ulijua, maana wifi hana siri. Sasa moyo umelainika na anataka watu waone kwamba umelainika. Kwa hiyo anataka leso ya kuchapisha mwenyewe, ya kumpelekea mkwe na jamaa zake.

Jina la leso, yale maneno yanayoandikwa chini, amelitunga yeye: TUMEMPOKEA KWA HERI. Yaani kwa baraka. Nimelipenda, fupi na safi.

Kisha akaanza kuongeza. Jina la bwana harusi. La bibi harusi. Dua. Salamu za ami aliye Mkwiro. Nimemwambia leso si tangazo la mazishi redioni. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Yamebaki maneno matatu. Nimefurahi sana, nakiri.

Ijumaa, 8 Agosti

Wifi tena. Herufi ni ndogo mno. Anataka hata kipofu asome. Pia anataka ua katikati ya jina, "lipate kupumua." Nikamwuliza litapumuaje nawe unalijaza maua? Akaniambia yeye ndiye mama wa bwana harusi.

Haya. Ua nimeweka, baada ya TUMEMPOKEA. Herufi nimezikuza. Upana wa leso haukui, kwa hiyo nimebana nafasi. Hapo ndipo kazi ya fundi. Herufi hazipangwi kwa rula, hupangwa kwa jicho. A ina mabega yaliyoporomoka, huacha uwazi juu yake, na nafasi inayoifuata huonekana kubwa kuliko ilivyo. Kila baada ya A nikapunguza. W na A nikazisogeza zikaribiane kama mashoga.

Mwisho nikafanya ninavyofanya siku zote. Nikachapisha kwenye karatasi, nikaigeuza juu chini, nikaitazama kwa mbali. Ukiigeuza husomi, unaona maumbo tu. Maumbo yalikuwa sawa kabisa, hakuna shimo hata moja. Nimeipeleka Mombasa kwa mchapaji nikiimba.

Alhamisi, 14 Agosti

Leso zimefika. Mji wa leso, pale katikati, mwekundu, pindo nyeusi, herufi nyeupe. Wifi amelia kwa furaha. Sanduku la bibi harusi limeondoka mchana huu kwenda Kinango, leso zimo. Moja nimetundika dukani, wateja waone kazi.

Jumamosi, 16 Agosti

Ee Mola wangu.

Jirani yangu Mama Chapati aliingia kuomba chenji. Akainua macho kwenye leso. Akasoma kwa sauti: "Tumempokea. Kwaheri." Kisha akacheka mpaka akashika meza. "Lo! Wifi yako ana ulimi wa pilipili!"

Nikasoma. Kwa mara ya kwanza tangu niianze kazi hii, nikasoma. KWA na HERI zimegandana. Ni neno moja. Na lile ua limekaa pale kama nukta. Tumempokea, pumzika kidogo, kwaheri.

Nimefunga duka. Nimekula nusu kilo ya halua peke yangu.

Jumapili, 17 Agosti

Wifi asema ni mimi. Mimi nasema ni ua. Kaka yangu asema sote wawili tunyamaze.

Jumatatu, 18 Agosti

Kinango kimya. Bakari amempigia Mbodze, simu imezimwa. Amempigia tena. Hasemi na mama yake, hasemi nami. Amekaa barazani amevaa kiatu kimoja, hakumbuki alikuwa anakwenda wapi.

Ingekuwa bango, ningesema kosa la uchapaji na watu wangecheka yakaisha. Leso haikosei. Hapa pwani mtu akivaa leso anasema, na anayesemwa anajijua. Wake wenza wamegombana miaka kwa leso mbili. Nani ataamini kwamba wifi, aliyemkataa yule binti hadharani, aliandika kwaheri kwa bahati mbaya?

Leo wifi amekuja dukani bila kelele. Amekaa kwenye kigoda cha wateja. Akasema, "Wifi, mimi nilikuwa nimeshampenda." Akaondoka.

Naogopa. Harusi inakufa, na mwuaji ni nafasi isiyotosha hata kucha kupita.

Jumanne, 19 Agosti

Nimekwenda Kinango peke yangu. Wifi nimemwacha, asije akajitetea mambo yakazidi.

Nimempata Mama Mbodze uani kwake. Mjane, mwembamba, Mbodze ni mwanawe wa pekee. Nikamwamkia. Akanikaribisha mkekani na kunipa maji, kikombe kimejaa hadi ukingoni, na njiani nilikuwa nimepita foleni ndefu ya mitungi mitupu ikingoja maji. Nikaona haya zaidi.

Nikatoa karatasi zangu nikaanza somo. Kwamba nafasi nayo ni herufi, ila haina wino. Kwamba A ina mabega. Kwamba ua halikuwa wazo langu. Nilimchorea. Nilimgeuzia karatasi juu chini. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni na bado nazungumzia W. Yeye ametulia, anasikiliza kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa homa.

Nilipomaliza akauliza, "Kwani kuna kosa?"

Nikasema lipo, mama, imesomeka kwaheri.

"Ndiyo. Nimeisoma." Akaingia ndani akatoka na leso, jozi nzima, bado haijakatwa. Akaitandaza magotini. Akaweka kidole kwenye TUMEMPOKEA. "Hili lenu." Akakivusha ua. "Na hili langu. Kila mtu hapa ananipongeza, binti ameolewa, binti amepata. Mimi nabaki na nyumba tupu na hakuna anayeniambia neno. Hii ilipokuja nikasema, kule kwa wakwe kuna mtu amenifikiria."

Karatasi zangu nilizikalia.

Na simu? Simu ya Mbodze haina moto, umeme umepotea kwao tangu Jumamosi. Hakuna aliyenuna. Sisi tumezikana wenyewe siku tatu hapa Ukunda kwa sababu ya betri.

Jumatano, 20 Agosti

Nimemweleza wifi. Amecheka, amelia, kisha akacheka tena. Ameniamuru nichape nyingine zilizo sawa kwa ajili ya wageni. Safari hii nafasi nimeacha ya kupita punda. Na ua nimeondoa. Hakubisha.

Jumapili, 24 Agosti

Harusi imekwisha salama.

Jana jioni tulikwenda kumchukua Mbodze. Wanawake wa kwetu wote katika leso mpya. TUMEMPOKEA KWA HERI, inasomeka vizuri, hakuna aliyeisifia. Mama Mbodze alijifunga ile ya kwanza. Jozi alikuwa ameikata, moja kiunoni na ya pili kaishika mkononi.

Vigelegele vingi. Watu wakimpongeza, naye akishukuru, sauti kavu. Binti alipotoka mlangoni, mama alimtangulia hadi garini. Neno lilikuwa pale nyuma ya leso yake na Mbodze alilisoma kabla ya kuingia garini.

Wifi alimwona. Akatoka upande wetu, akavuka uwanja kwa miguu yake mizito. Akamwambia, "Nami mwanangu ndiyo anakwenda, ati." Akanyoosha mkono aombe ile leso ya pili.

Mama Mbodze akampa. Wifi akaifunga juu ya ile yake iliyo sahihi, akaifunika yote. Wakabaki wamesimama bega kwa bega, wakilitazama gari mpaka vumbi likatua.