Mbuzi wa Pembeni

Ijumaa, 8 Mei 1964

Mvua tangu alfajiri. Tumepalilia miwa hadi saa tano, tope mpaka magotini, ndipo mnyapara akatuachia. Nikashuka Msambweni kwa Athmani kinyozi. Ijumaa ndiyo siku gazeti la picha linapofika kutoka Mombasa. Athmani hununua moja, na baada ya swala huvaa miwani yake iliyofungwa uzi akatusomea sote.

Leo hadithi ya Inspekta Komeo imekwisha! Uhuru umepatikana, naye mzee, amerudisha kofia serikalini akapanda gari la moshi kwenda bara. Chini hapana "Itaendelea". Hapana neno lolote. Mchoraji ni yule yule Bwana Wino, ambaye hakuna amjuaye.

Mselem wa kisiwa cha Wasini alinuna kama aliyefiwa. Akaapa, wallahi Bwana Wino ana hadithi mpya kaificha, nayo itakuwa ya nahodha. Biasha muuza mihogo akamwambia nyinyi wa Wasini hata mkiota mwaota maji. Itakuwa ya mwanamke, na safari hii asiwe wa kulia dirishani!

Mimi nilikuwa naitazama picha ya mwisho. Nje ya dirisha la behewa, pembeni kabisa, kuna mbuzi. Sikio la kushoto limepasuliwa. La kulia limekatwa ncha.

Jumamosi, 9 Mei

Nimepalilia mistari mitatu bila kuona miwa.

Kwetu Taru kila boma lina alama yake ya masikio. Mbuzi akipotea, anayemwona hutazama masikio, akajua ni wa nani. Mpasuo kushoto, ncha kulia — ni alama yetu. Baba alikuwa akimshika mbuzi, kaka Rai akikata, mimi nikipaka jivu kwenye kidonda. Tangu Samburu hadi Mackinnon hakuna boma jingine lenye alama hiyo.

Na Rai alikuwa mchoraji. Akichora kwa mkaa kwenye tangi la maji la reli. Mara moja alimchora mwalimu ana pembe! Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Miaka kumi na minne hatujui aliko.

Jumanne, 12 Mei

Homa. Nimelala kambini. Mvua ya huku haina harufu. Ya kwetu ikigusa vumbi, hata mbuzi huinua pua. Mama hutoa masufuria yote nje, huyapanga uani, kisha husimama katikati yake akilowa, akicheka peke yake. Sijui kama bado hucheka.

Ijumaa, 15 Mei

Gazeti limekuja bila Bwana Wino. Kwenye ukurasa wake kuna tangazo la sabuni.

Mabishano yakaanza upya. Mselem: nahodha. Biasha: mwanamke. Athmani, wembe ukiwa shingoni mwa mtu, akasema itakuwa timu ya mpira, na kipa atakuwa kinyozi. Wakanigeukia, haya Chome, sema na wewe. Nikasema itakuwa ya mbuzi.

Lo! Kibanda kizima kilicheka. Mselem akasema mtu wa Taru hata peponi atauliza malisho yako wapi. Tangu leo naitwa Inspekta Mbuzi.

Nilicheka nao.

Jumapili, 17 Mei

Nimeanza barua kwa gazeti. "Bwana Wino, shikamoo. Je, wewe ni mtu wa Taru?" Nimeichana.

Niandike hapa basi, hapa hakuna msomaji. Siku ile zamu ya kuchunga ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka kumi. Nikalala. Mbuzi ishirini na mmoja wakavuka reli, chui akala, wengine hatukuwaona tena. Baba akauliza, zamu ya nani? Nikamwonyesha Rai kwa kidole.

Rai hakukanusha. Alipigwa mpaka mama akajilaza juu yake. Kesho yake akadandia lori la Mombasa. Nikatolewa shule, darasa la nne, nikachunge badala yake. Baba alikufa akiamini ni Rai. Mama anaamini hadi leo.

Kama ni yeye, hadithi mpya najua ni ipi. Naitaka. Naiogopa.

Ijumaa, 22 Mei

Naandika nimekaa kwenye kiti cha kunyolea. Wenzangu wako msikitini. Athmani ameniachia gazeti, kasema nisilifungue mpaka warudi, ananiamini.

Nimelifungua.

Bwana Wino! Hadithi inaitwa "Zamu".

Picha ya kwanza: vichaka, jua, mbuzi. Masikio yetu. Ya pili: mtoto amelala chini ya mgunga, mdomo wazi. Ni mimi. Ya tatu nikafumba macho. Nilijua ni bakora, ni baba, ni kidole changu.

Siyo. Ni kaka mtu, ameweka madebe ya maji chini, anavua shuka yake, anamfunika mtoto. Maneno yake: "Mwache alale, amechoka." Anaondoka kwenda kisimani. Nyuma yake mbuzi wameanza kutembea. Itaendelea.

Shuka! Ni kweli niliamka nayo, inanuka moshi. Nilisahau kabisa. Miaka yote hii nimeukumbuka uongo, shuka nikaisahau.

Kwa hiyo aliniona. Alijua, na akanyamaza.

Wanarudi. Mselem anapiga kelele tangu barabarani — haya Inspekta Mbuzi, nahodha ama si nahodha? Biasha ameshavuta kigoda. Athmani anapapasa mifuko, miwani ameiacha nyumbani, basi leo nisome mimi, tena kwa sauti. Mselem amechungulia begani kwangu, kaiona picha ya pili, anacheka. Anauliza, na huyu mvivu ni nani?

Nimemwambia angoje, nimalize mstari huu, kisha nitamwambia ni nani.