Ndeshi na Danieli Wamejaza Kodi Pamoja

Jumamosi, Lemara. Mvua za masika zimeanza alfajiri, na nguo za jana bado ziko kambani. Moyo wangu nao mzito.

Binti yetu Ndeshi ameolewa Marekani na Danieli, mwenyeji wa huko. Leo walitupigia simu ya video. Jimbo lao linazirudishia familia sehemu ya kodi ya mwaka jana, nao walikuwa wanaitegemea fedha hiyo kutengeneza gari la Danieli la kwendea kazini.

Nieleze taratibu, maana hata mimi nilielewa kwa shida. Mume na mke kule huweza kujaza fomu ya kodi pamoja, au kila mtu kivyake. Wakijaza pamoja, ili warudishiwe, wote wawili lazima wawe na namba ya serikali ya kufanyia kazi. Ndeshi hana. Kibali chake cha ukaazi bado kinashughulikiwa. Basi nyumba nzima inakosa, hata Danieli aliyezaliwa palepale.

"Si ujaze peke yako tu, baba," nilimwambia Danieli. Nilijiona nimemaliza kazi.

Ndeshi akatikisa kichwa. "Baba, watu wa uhamiaji wanataka ushahidi kwamba tunaishi kama mke na mume. Fomu ya pamoja ni ushahidi mkubwa. Tukitengana kwenye kodi, watauliza kama ndoa ni ya kweli."

Mke wangu akaninyang'anya simu. "Ya kweli? Kwaya imeimba harusini hapa mpaka koo zikakauka, bado wanauliza?"

Danieli alicheka, akajikaza kwa Kiswahili chake: "Shikamoo mama. Sisi tumeshajaza, pamoja. Mimi nitapanda baiskeli."

"Kwenye baridi hiyo?" mke wangu akamaka. "Utaganda kama samaki wa kwenye friji!"

Hawatapata kitu.

Sizilaumu sheria za watu. Hata kwetu mgeni hungojea makaratasi. Lakini ofisi moja inawataka wawe pamoja ndipo iwaamini, na nyingine inawanyima kwa sababu wako pamoja. Mwenye kuumia ni yule aliyefuata utaratibu.

Mimi nakumbuka sauti yangu nikimshauri kijana amwache binti yangu nje ya fomu, naye akakataa kwa heshima, bila hata kuniaibisha.

Mkwe wa namna hiyo, nitamshukuruje?