Kigoda Chako cha Gulioni

Tata,

Jana tulianua matanga. Leo nimekaa kibanjani, shambani mwetu nyuma ya nyumba, kando ya kaburi lako, udongo bado mbichi, migomba imeinama kama kawaida.

Msemaji wa ukoo aliuliza ilivyo desturi: anayemdai marehemu ajitokeze. Hakusimama mtu, hata yule mwenye duka wa Kagoma aliyezoea kukukopesha. Akauliza tena: na anayedaiwa na marehemu? Mwanao, mwalimu mzima, nikajifanya nafunga kanga.

Unakikumbuka kigoda chako? Kila uliporudi kutoka bungeni ulikipeleka gulioni Kamachumu, ukaweka kopo la kahawa za kutafuna, ukakaa mpaka maswali yaishe. Siku moja muuza senene alikujia juu: "Waitu, mbunge wetu, kibali cha kuuza ndizi za kibanja changu mwenyewe! Nani alikuomba?" Ulicheka, ukakiri: "Siku tulipopitisha sheria hiyo nilisinzia, mama. Nitarudi bungeni kuwauliza wenzangu." Na kweli uliwauliza.

Ile mashine ya kukoboa kahawa, iliyotaka kununuliwa na serikali kwa mkopo, ndiyo iliyokuponza. Ulisema serikali isikope jembe kwa jina la mtoto aliye mgongoni. Kwanza itaje nani atalipa, na nani ataulizwa mambo yakiharibika. Wakubwa wa chama wakasema unapinga ujamaa. Kwenye mkutano wa chama tukaambiwa wanaokubali uondolewe ubunge wanyooshe mikono.

Nilinyoosha, Tata. Niliogopa kufukuzwa kazi ya ualimu. Macho yako yalipita kwenye mkono wangu yakaenda kwa jirani, kana kwamba hukuniona. Jioni ukanimegea ndizi zile laini za katikati ya chungu, kama nilipokuwa mdogo. Wewe uliyemuuliza kila mtu, mimi hukuniuliza kamwe. Afadhali ungenichapa.

Mashine ipo. Haijakoboa hata gunia moja. Vipuri hakuna, kuku wa jirani wanatagia ndani yake. Deni linakatwa kwenye kahawa yetu, na vibali vimeongezeka, sasa hata mkungu wa ndizi wa kupeleka msibani Bukoba unasimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Aliyeshika nafasi yako hupita na gari, vioo juu. Hakuna anayemuuliza kitu. Watu wamechoka, au wamejifunza kwangu. Sioni litakalobadilika. Nisikudanganye, hukupenda kudanganywa.

Kigoda kipo mvunguni mwa kitanda changu, mguu mmoja unacheza. Siku ya gulio nitakibeba, na kopo lako la kahawa. Nitakaa pale pale ulipokaa, nitawaambia nilinyoosha mkono, na atakayeuliza kwa nini nitamjibu. Najua huenda asije mtu. Basi nitajiuliza mwenyewe, kwa sauti, mpaka soko litawanyike.

Pumzika, Tata. Ningeomba unisamehe, lakini ulisema deni halisamehewi kabla halijatajwa. Nimelitaja.

Mimi unayenidai,
Kokugonza