Fungu Lako la Pipa la Baba

Islay, Jumapili

Ndugu yangu Torcuil,

Sisi wazima. Mvua haikatiki, na kondoo wamekula tena kabichi zangu. Baba tulimzika Ijumaa.

Wale wanunuzi wa wiski uliowatuma walifika siku hiyohiyo. Jeneza liko sebuleni, nasi tunafungua pipa lake la wiski, lililokaa miaka arobaini ghalani likipigwa na upepo wa bahari, ili kila mtu anywe kabla ya kumsindikiza, kama alivyotaka. Nikawamiminia nao, kwa adabu tu.

Mmoja akanusa, akafumba macho. "Mwani. Chumvi. Kamba kuukuu ya mashua."

"Kamba?" Baba mdogo Lachlan akadakia. "Si ungeenda kulamba za gatini, bwana, ukatuachia yetu!"

Wakasukutua, kisha wakatema kwenye ndoo waliyokuja nayo. Walitema, Torcuil, mbele ya Baba! Ndipo wakaniambia pipa umeshawauzia, wakaondoka nalo.

Ndoo waliisahau. Nimeichuja vizuri, nikajaza chupa hii unayoipokea pamoja na barua. Ndilo fungu lako.

Kunywa, usiteme.

Dada yako,
Effie