Uvimbe wa Mwenyekiti

Lushoto,
Agosti 1975.

Mpendwa dada Efrazia,

Shikamoo. Natumaini kifua cha shemeji kimetulia na baridi ya huko Moshi si kali kama yetu. Mimi ni mzima, hata taya limepona, na nataka habari yake uisikie kwangu kabla ya kuisikia kwa wengine.

Unajua nilisimama mkutanoni nikasema ng'ombe wa kijiji hakufa, bali mwenyekiti wetu Kornelio alimuuza kule Mombo, maana nilimwona akimpakia kwenye lori. Haukupita muda nikaanza kuvimba chini ya taya kila nikila, kwa maumivu ya kutoa machozi. Nikishamaliza, uvimbe unashuka. Kornelio akawatangazia watu kwamba uongo wangu ndio unaonivimbisha. Wanawake wakakataa kula nami. Mume wangu Paskali akawachukua watoto, akawapeleka kwa mama yake.

Hospitalini daktari alipapasa chini ya ulimi, akasema kijiwe kimeziba njia ya mate. Akakitoa, kidogo kama punje ya mchele. Nilipowaonyesha watu, Kornelio alicheka, akasema nimekiokota barabarani.

Mwezi uliopita akaja kwangu mwenyewe, kofia mkononi. Akaufunua mdomo wa chini: ndani pana uvimbe laini, wa samawati.

"Mama Danieli, wewe ulitibiwa. Hiki ni nini?"

Nikamwambia hicho ni cha mtu aliyemsingizia mwenzake, na asipoungama hadharani kitashuka mpaka kooni.

"Kweli?"

"Si wewe uliyetufundisha?"

Mkutano uliofuata akasema yote, ng'ombe na jina langu alilolichafua, huku akilia. Wakamvua uenyekiti palepale. Watoto wangu wamerudi. Paskali naye huja hadi mlangoni, sijamkaribisha.

Sasa nikwambie wewe peke yako. Uvimbe ule niliujua. Wodini nililala karibu na binti mmoja, Tatu, aliyekuwa na kama huohuo, na daktari akatueleza kuwa ni mate tu yaliyonaswa baada ya mtu kujiuma mdomo. Mara nyingi hupasuka wenyewe. Wa Kornelio ulipasuka baada ya kuungama, na sasa kila Jumapili anatoa ushuhuda kanisani kwamba Mungu amemsamehe. Mimi hukaa benchi la nyuma yake, nikisikiliza. Mungu huenda amemsamehe. Mimi bado.

Nisalimie shemeji na watoto, na ukija Krismasi usinihubirie.

Mdogo wako akupendaye,
Jenoveva