Saa Kumi Getini

Wanjiru mjukuu wangu,

Huku mtaani Rhonda tuko, ila miguu ya nyanya yako imevimba tena. Umeuliza ubebe nini kwenye hilo tamasha la muziki huko Ujerumani. Beba gambuti, vile viatu virefu vya mpira; niliishia darasa la nne, lakini matope nayajua kukushinda. Halafu mpange na wenzako mahali pa kukutana, maana simu zitazima.

Ujanani, tukiingia stadium hapa Nakuru kwenye tamasha kama hilo lako, ndugu yangu Njoroge aliniambia, "Wewe bingwa wa kudansi, saa kumi nikukute getini." Saa kumi ilinipata bado nadansi, na kweli kwa kudansi hakuna aliyenifikia. Njoroge akarudi ndani kunitafuta, watu wakakanyagana. Tulimzika kwetu Longonot.

Saa ikifika toka, hata wimbo ukiwa mtamu. Usipotoka, anayekupenda atarudi ndani kukutafuta.

Guka wako