Bibi Apolonia wa Chumba Sifuri

Jumatatu, 4 Agosti

Kosa la wengi ni kuanza kuhesabu safu kwa moja. Nimelirudia tena leo, hapa sebuleni kwangu Mafiga, kwa wanafunzi wangu saba wa kuandika programu za kompyuta. Safu ni nyumba moja yenye vyumba vilivyopangana. Kila chumba kinatunza kitu kimoja na kina namba yake. Cha kwanza ni sifuri. Vyumba vikiwa sita, cha mwisho ni tano. Neema akauliza kwa nini sifuri. Nikamwambia namba inasema umepita vyumba vingapi tangu mlangoni. Kufika cha kwanza hujapita chochote. Akacheka, akaandika. Nilijiona mwalimu hasa.

Jumatano, 6 Agosti

Neema kaja na habari mbaya. Bibi yake, Bibi Apolonia, analima kabichi juu mlimani, kwenye misheni. Tangu kikundi chao cha wakulima kianze kutumia programu yangu hajapata zamu ya maji. Wiki tatu. Programu yenyewe ndogo: safu ya wakulima sita, kila asubuhi mmoja anatumiwa ujumbe akafungulie maji ya tangi. Maagizo niliandika mimi. Majina aliandika Neema.

Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba ameruka jina la bibi yake mwenyewe. Mmoja akadakia, "Neema, hata bibi yako humjui?" Wakacheka. Nami nikacheka. Neema akasema tu, "Samahani, Mwalimu."

Sikufungua kompyuta kuangalia.

Ijumaa, 8 Agosti

Neema hakuja.

Nimefungua programu. Majina yapo yote sita. Bibi Apolonia ndiye wa kwanza, maana kikundi humtanguliza mkubwa kwa heshima. Kwa hiyo yuko chumba sifuri. Mzunguko wangu unaanzia moja, unafika tano, unarudi moja. Nimeandika mimi. Miaka thelathini na nne ya kufundisha hesabu.

Nimebadilisha moja kuwa sifuri, mahali pawili. Dakika haikuisha. Naona aibu hata kukaa kwenye kiti hiki.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimepanda misheni. Magoti yanauma. Nimestahili.

Nusu ya kabichi zimekauka. Zilizobaki amezinywesha kwa ndoo, toka mtoni, kwa umri ule. Nikampa shikamoo, nikamweleza kosa langu lote. Akasikiliza huku anang'oa magugu.

"Mimi nilidhani wameona nimezeeka, Mwalimu. Maji yaende kwa wenye nguvu. Ndiyo maana sikuuliza."

Hilo limeniuma kuliko kabichi. Kisha akasema hiyo sifuri yetu haina adabu kwa wazee, akacheka peke yake. Akauliza mjukuu wake ana nini siku hizi, mbona kanyamaza. Nilijua. Nikaaga, nikashuka.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Kukosea namba ni jambo la kawaida, nimewaambia wanafunzi mara nyingi. Kumtwika msichana kosa langu na kucheka, hilo si la kawaida.

Jumatatu, 11 Agosti

Asubuhi tulivu. Mlima umefunikwa na ukungu. Bibi Apolonia amepata ujumbe wake. Kikundi kimenipigia kunieleza kuwa yuko kwenye tangi. Neema ameandika kwamba atapita saa kumi kuchukua daftari lake. Saa kumi darasa zima litakuwepo. Nimeshapanga viti.

Najiambia: leo, mbele ya wale wale waliocheka, sema kosa lilikuwa lako na umwombe Neema radhi.